Inaganda Wakati wa Chai

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imegoma tena. Nimebonyeza kitufe – feni ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Skrini nyeusi. Nikabonyeza tena, kimya. Baadaye ikawaka kama vile hakuna lililotokea. Nilipofika katikati ya kitabu cha watoto ninachokipanga kurasa, ikaganda. Mshale umesimama juu ya mkia wa paka, hausogei. Nikaizima kwa nguvu. Kazi ya asubuhi nzima imeyeyuka.

Mashine hii nimeiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, juu ya meza ya kulia. Kabla ya mwezi uliopita haikuwahi kunisumbua.

Mume wangu karudi kutoka kazini, akachungulia toka mlangoni. Eti vitu vya mtumba ndivyo vilivyo. Nikamwambia si vyote vya mtumba. Akacheka, akaenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kasha. Vumbi kama unga. Nimelipuliza mpaka nikapiga chafya. RAM, vile vijibao vya kumbukumbu, nimezichomoa, nikayasugua meno yake kwa kifutio, nikazirudisha. Imewaka! Nikajipongeza peke yangu kama mwendawazimu.

Wakati wa chai ya saa nne – ikaganda. Mchana, wakati wa chakula, ikaganda tena. Jioni yote ikawa nzima, haina neno.

Halafu kuna hili. Ilipoganda, taa ya darini ilififia kidogo, ikarudi. Kama mtu aliyekonyeza. Labda macho yangu yamechoka.

Chumba hiki kimekuwa kimya mno. Ukuta huu tunagawana na nyumba ya pili, na zamani cherehani ya jirani ilikuwa inanguruma kutwa. Sote tulimwita Mama Cherehani. Alitoweka mwezi wa kwanza – wanasema kamkimbia mumewe, na kwa kipigo kile nani angemlaumu. Mumewe, dereva wa lori, naye akahama. Mwenye nyumba kamwachia mume wangu funguo, awaonyeshe wapangaji. Hajaja hata mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeibeba mashine hadi kwa rafiki yangu niliyesoma naye, ana duka la kutengeneza kompyuta. Tukaiwasha, tukaizima, tukaiwasha. Akaifungulia video nzito, akaiacha ichemke. Imefanya kazi kutwa bila kusita. "Shoga, hii nzima kuliko yangu," kasema. "Kaangalie umeme wa kwako."

Nimerudi nayo nyumbani. Nimeichomeka. Haikuwaka.

Usiku mezani nikamwambia mume wangu tumwite fundi umeme. Akaweka kijiko chini. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Akasema hataki fundi aingie humu ndani yeye akiwa hayupo. Nikasema basi aje Jumapili. Akasema ataninunulia laptop, hili boksi nilitupe.

Laptop nimeiomba tangu tulipooana. Leo anaitoa mwenyewe, hata sijamalizia tonge.

Jumapili, 9 Machi

Dereva wa lori alipita. Amekonda, macho mekundu. Hakutaka kukaa. Ameuliza kama tumemwona mkewe, au kusikia lolote. Kwa wakwe zake amefika, mke hayupo. Dada za mkewe nao wanamtafuta, mmoja ameshaenda polisi.

Sikuwahi kumpenda huyu bwana. Nilimsikia mengi kupitia ukuta. Lakini leo nilipomletea maji alishindwa kushika glasi.

Mume wangu alimjibu vizuri kabisa. Pole kaka, tukisikia tutakuambia. Kamshika na bega. Alipoondoka, mume wangu akarudi kumalizia kunyoa ndevu, anapiga mluzi.

Nilijiuliza – kama hayupo kwa mumewe, hayupo kwao, hayupo kwa dada zake, huyu mama yuko wapi?

Jioni mume wangu akachukua funguo. Kasema anakwenda kutega panya nyumba ya pili. Alikawia. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, na muda wote alipokuwa huko haikuganda hata kidogo. Aliporudi alikuwa ananukia sabuni ya kuogea. Nilimuuliza, kapata panya wangapi? Akasema hawajanasa.

Jumanne, 11 Machi

Yeye kazini. Mimi nimeamua kuutafuta ugonjwa mpaka niupate.

Nimechomoa kila kitu. Friji, pasi, redio, chaja, kompyuta yenyewe. Taa zote nimezima. Nikaenda kusimama mbele ya mita. Ile taa yake nyekundu inapaswa kutulia kama hakuna kinachokula umeme.

Haikutulia. Inakonyeza taratibu. Nyumba nzima imezimwa na inakonyeza.

Nikarudi kukagua upya, labda nimesahau kitu. Sikusahau. Nikasimama tena. Wakati wa chai ukafika, na taa ikaanza kukonyeza mbio mbio, kama inafukuzwa. Ikaenda hivyo kwa muda wa kuchemsha maji ya kikombe kimoja. Kisha ikapoa.

Kitu kama hita. Kitu kinachovuta umeme mwingi mara moja, mashine yangu inakosa pumzi. RAM haina kosa. Pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani yake, haina kosa.

Nimekaa sakafuni pale koridoni, mgongo ukutani. Nikagundua ni ule ukuta tunaogawana na nyumba ya pili. Nikainuka.

Mume wangu karudi, kauliza mashine inaendeleaje. Nikasema ileile. Sijui kwa nini nilimficha. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, ananisuka suka nywele kwa vidole kama kawaida yake, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimekaa chini, stoo. Mwandiko mbaya.

Kabati la stoo alilihamisha yeye mwezi uliopita. Kasema ukuta una unyevu, bora uzibwe. Leo nimelisukuma. Zito, limekwaruza sakafu yote. Nyuma yake soketi ambayo sikuijua, mpya, nyeupe, na plagi ndani yake. Waya umenyooka kwenda ukutani na kupotea kwenye tundu. Kingo za tundu zimepakwa saruji vizuri. Kazi yake nadhifu, naijua, ndiye aliyenitengenezea meza ya kompyuta.

Hakuna unyevu. Ukuta mkavu.

Nilikwenda kuangalia msumari wa funguo. Za nyumba ya pili hazipo, anatembea nazo. Nikatoka hadi mlango wa pili, nikagonga. Kufuli kubwa, jipya. Madirisha yamezibwa kwa maboksi kwa ndani. Nikaita kwa sauti ndogo. Hakuna kitu. Nikarudi huku, nikachomoa plagi.

Nilikuwa nataka kuhakikisha tu. Nikasema nitasubiri kidogo, nitairudisha.

Kwanza kimya. Halafu kitu kikaburuzwa sakafuni, upande ule, kikaja mpaka ukutani. Kikasimama usawa wa tundu. Nikasikia pumzi. Sauti ya mwanamke, ndogo, imekauka, lakini nimeitambua, niliizoea ikiimba juu ya cherehani:

"Shemeji, mbona umezima? Leo sijapiga kelele."

Nikasogeza sikio kwenye tundu.

"Shemeji, nisamehe. Sijapiga kelele, haki ya Mungu."

Shemeji. Hapa mtaani aliyemwita shemeji ni mmoja tu, mume wangu.

Nikainama mpaka mdomo ukagusa saruji. Nikasema ni mimi, dada. Pumzi ya upande wa pili ikakatika. Kitu kikaburuzwa haraka kwenda mbali. Sijasikia tena chochote. Nimeita na kuita. Ananiogopa mimi.

Simu yangu iko sebuleni. Nilikuwa naweka kalamu chini niifuate – na mlango wa mbele umefunguliwa. Si saa yake ya kurudi. Nasikia anavua viatu. Funguo zinalia mkononi mwake.

Kabati liko katikati ya chumba, siwezi kulirudisha bila kelele. Plagi iko mapajani mwangu.

Ananiita kwa lile jina la utani. Anauliza, kwa upole kabisa, kama leo mashine imekubali kuwaka.