Maji ya Kwa Mama Bahati

Jumatatu, 4/3/2013
Nimelima kwa Munyankole wa Kabingo. Mistari tatu tu, nikakaa chini. Tumbo imejaa kama ngoma. Macho njano. Mwenye shamba ananiuliza kama nilikunywa waragi, ile pombe kali yao. Nilikunywa. Nani hakunywi?

Jumatano, 6/3
Yaya Esteri, dada yangu mukubwa, amefika na chupa ya dawa ya miti. Ya kutapisha karuho, ile sumu batu banatia mu chakula. Kwake kila tumbo ya kuvimba ni karuho. Na mutu wa kuitia ni ule ule: Mama Bahati, jirani. Juu Elia, ndugu yetu, alikula ugali kwake, kiisha akavimba, akakufa. Miaka sita sijaonja hata maji mu ile nyumba.
Nimekunywa ile miti. Nimetapika mpaka basi.

Jumamosi, 9/3
Miguu nayo imevimba. Yaya anasema sumu inatoka. Inatokea wapi? Mimi naona inaingia. Ameleta chupa ya pili. Nimechoka na chupa.

Jumanne, 12/3
Mbarara. Neema, binti yangu, njo alinipeleka hospitali kwa nguvu. Tangu mama yake akufe, anajifanya mukubwa wa nyumba.
Munganga ni Munyankole, Swahili yake ya jeshi. Akafinya tumbo, akachukua damu. Neema akamuambia juu ya chupa za Yaya. Akauliza nani mu jamaa alikufa hivi. Nikasema Elia, lakini ule alilishwa sumu na jirani. Nani tena? Baba. Na shangazi. Bote kwetu Fizi, mbele ya kukimbia vita.
"Na huyo jirani alikuwa Fizi?"
Hapana. Ni Murundi. Tulimukuta huku mu kambi, Kabazana, siku ya kuandikishwa wakimbizi.
Nikahesabu mu vidole: Baba, shangazi, Elia.
"Mzee, ini yako iko nakauka. Hii kitu iko kwa damu ya familia yenu. Waragi nasukuma ugonjwa. Hiyo dawa ya miti namaliza ini."
Akasema Neema naye apimwe. Akatoa damu palepale.

Ijumaa, 15/3
Chupa ya tatu. Nimeimwaga mbele ya Yaya. Ameniita mujinga, ameenda, mulango ameacha wazi.
Niko na hasira. Kwake. Kwangu zaidi. Elia alikunywa miti ile ile siku ngapi? Mimi njo nilimushikia kikombe.

Jumanne, 19/3
Tena Mbarara. Damu ya Neema iko kama yangu. Ini yake bado muzuri. Apimwe kila miezi sita, asiguse waragi wala miti.

Jumapili, 24/3
Kutoka kanisa nimepita kwa Mama Bahati. Hakuuliza kilichonileta. Akaleta maji mu kikombe. Akakiinua aonje kwanza, vile tunafanya, mugeni aone hakuna sumu ndani.
Nimekishika, hakijafika bado ku mudomo yake.
Maji ya baridi. Nimemaliza yote. Akaniongezea.