Kioo Kimoja au Viwili

Jumatatu, 3 Februari
Bado mgeni kwenye karakana ya madirisha ya mjomba. Leo nimekata mpira wa fremu peke yangu, ukaingia sawasawa! Hakuna aliyeona. Sijali. Mimi nimeona.
Mteja mpya: mshonaji, anajenga chumba cha cherehani. Madirisha yanatazama magharibi, jua la alasiri litawachoma wasichana wanaomshonea. Anataka vioo viwiliviwili kila dirisha, eti vizuie joto. Mjomba meno yote nje — kazi kubwa! Nilitaka kuuliza kitu. Ulimi ukagoma.

Jumanne, 4 Februari
Kitu chenyewe ni hiki: kiyoyozi hana. Ana feni na upepo tu. Sasa dirisha likiwa wazi, vioo viwili vitazuia nini?
Nimemwambia mjomba wakati wa chai, kwa sauti ya mbu. Akacheka. Eti shule nimemaliza juzi, leo namfukuzia wateja? Fundi wake naye: "Bi Kimya kasema! Anueni nguo, mvua inakuja!" Masikio yaliwaka moto. Lakini maneno yangu sikuyarudisha.

Alhamisi, 6 Februari
Nimefanya jaribio! Sampuli mbili juani, ya kioo kimoja na ya viwili, kiganja nyuma ya kila moja. Zote zinaunguza! Ya viwili nafuu kidogo tu. Kisha nikatundika turubai mbele ya ile ya kioo kimoja, kwa nje. Kiganja kikapoa. Nikamwita fundi aweke mkono. Akaweka. Akarudia. Hakunitania.
Vioo viwili vina mahali pake — chumba cha kufungwa chenye kiyoyozi, au kando ya barabara yenye kelele. Kwa mshonaji kinachofaa ni kivuli cha nje, na madirisha ya kufunguka kabisa.
Mjomba kaja, kaweka mkono, karudi kwenye fremu zake.

Jumamosi, 8 Februari
Naandika nyuma ya rafu ya fremu. Mshonaji kaja. "Kaka, vile vioo vyangu viwiliviwili lini?"
Mjomba kakohoa. Kamwambia kabla ya yote amsikilize mpwa wake, ana kitu cha kumwonyesha juani. Mimi! Mbele ya mteja! Na mshonaji akinikubalia, kazi yetu inapungua nusu. Mjomba anajua. Bado kaniita.
"Huyu mtoto?" mshonaji anauliza. "Haya, mwanangu, njoo basi."
Kichwa kiko juu. Nafunga daftari, turubai kwapani, natoka juani —