Zoezi la Presha Lililofukizwa Ubani

Shoga Shariffa, leo nimeaibika!

Daktari kasema presha imepanda, nifanye zoezi nyumbani: nikanyage pale pale kama askari, nishike kiti nisianguke, nihesabu kwa sauti ili pumzi isikatike. Basi nikaingia chumbani, mlango nikaurudisha tu.

Jirani yangu Mize kasikia vishindo, na mimi nasema peke yangu. Kadhani nimepandwa na pepo, kaingia na chetezo. Ubani, shoga! Ubani!

Akamwamkia huyo pepo wangu: "Taire, mkubwa! Wataka nini kwa Bi Mgeni?"

Ningesema kweli, mji mzima wa Konde ungemcheka bibi kizee arukaye. Nikakoroma kama pepo kweli: "Nataka mwenzangu! Akanyage na mimi kila asubuhi!"

Wallahi kaweka chetezo chini, akakanyaga mpaka jasho likamtiririka. Kisha kauliza kwa adabu: "Na Ijumaa pia, mkubwa?"

Nikamwambia Ijumaa twapumzika.