Kona ya Mtoni

Ijumaa

Zimesugua tena. Baba alipokata kona ya mtoni na gari la spoti la marehemu Babu, tairi za mbele zililia kwenye madigadi, yale mabati yanayozifunika, hadi akasimama.

Tairi za saizi yake tulizikosa katika miji ya Wote na Kathonzweni, tukaweka za pikapu, ambazo ni kubwa zaidi. Baba akiwa peke yake garini hazigusi, ila nafasi ni ndogo mno. Susu, mamake Baba, akiketi kando ya dereva, gari linashuka nazo zinagusa.

"Tukate madigadi, Susu?" fundi aliuliza.

"Kata mguu wangu kwanza! Bwanangu alilipenda gari hili kuliko mimi."

Jumatatu Susu analazwa kwa upasuaji; kutembea hawezi tena. Ameomba jambo moja tu: Jumapili afike kanisani kwa gari hilo. Ninaogopa kwamba Jumapili nyingine haitakuwepo.

"Njia yote ina kona moja," alituambia. "Nitashuka hapo, mnibebe, nipande tena."

Baba aliingia chini ya gari akakaa huko muda mrefu. Hakuwa akitengeneza chochote.

Jioni nilijaribu kumwinua Susu kutoka kitini, nikidhani nitahitaji msaada. Niliweza peke yangu. Jumapili tutaivuka ile kona, lakini nilitamani sana angekuwa mzito kama zamani.