Mtoto wa Nyota Mbili

Louisville, 18 Agosti 2024

Mwanangu Irakoze,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Okolona tu wazima. Mama yako anakusalimu, mgongo unamsumbua kidogo lakini kazini anakwenda. Wewe huko Buffalo hujambo? Unakula? Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei, na Mama Florida uliyepanga kwake ameahidi kukutia hii mkononi.

Nasikia umejiunga na timu ya chuo bila kualikwa. Wenzako wamelipiwa masomo, wewe hulipiwi kitu. Nasikia pia unawaambia watu kuwa baba yako ndiye aliyekuharibia. Basi nisikilize na mimi. Yule kocha wa Columbus alipokuja hapa mwezi wa kwanza kukuomba ukamchezee mpira wao wa Kimarekani, tulimpokea vizuri. Mama yako alipika, tukapanga viti, baba yako mdogo Adriano akatoka kwake Gahanna, kule kule karibu na Columbus, kuja kuwa msemaji wetu. Mgeni akasema yake. Adriano akamjibu kama inavyojibiwa kwetu Burundi: tumekusikia, tumefurahi, nenda salama, utarudi siku nyingine tukupe jibu. Nani anatoa mtoto wake siku ya kwanza anapoombwa? Hakurudi. Wiki iliyofuata nafasi yako akampa kijana mwenye nyota tatu, kwa kuwa wewe kwenye orodha yao una mbili.

Siombi radhi. Mtu anayeshindwa kurudi mara ya pili, ungevunjika mguu angekuja kukuona? Acha kujipendekeza kwa watu wasiokuita. Rudi nyumbani, hapa kwenye ghala wanaajiri.

Ni mimi babako,
Sylveri


Buffalo, 8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na nakula. Mama Florida ananijazia ugali na maharage mpaka nakimbia mazoezini kwa shida. Msalimie Mama, mwambie asiinue yale maboksi makubwa.

Sirudi. Nimeliweka mwanzoni usije ukasoma barua nzima ukilitafuta.

Zile nyota unazozidharau si mchezo wa watoto. Kuna watu ambao kazi yao ni kutazama video za vijana wa sekondari, kujua kimo chao, uzito wao na mbio zao, halafu kumpa kila mmoja nyota, mwisho tano. Nilikaa nikaangalia orodha za miaka ya nyuma, nikitaka sana kukuta wameandika upuuzi. Sikukuta. Wenye nyota nne na tano wengi wao wanang'aa chuoni. Wenye mbili ni wachache wanaofika. Kwa mtu mmoja mmoja wanakosea kila mwaka, lakini ukichukua kundi zima hawakosei sana. Mimi nataka niwe mmoja wa wale waliokosewa, na nimepewa msimu huu tu. Ukiisha, kocha wa hapa ataamua nani alipiwe masomo na nani aondoke.

Halafu kuna jambo hukuliandika. Siku ile mlinikalia kikao kama binti anayeposwa. Ninyi sebuleni, mimi jikoni na Mama, namimina Fanta kwenye glasi. Mimi ambaye Louisville nzima hakuna aliyeshika mpira mbele yangu nisimwangushe, nimesimama karibu na jiko nasikiliza Adriano akinisemea. Kocha aliuliza kwa Kiingereza: na kijana mwenyewe anataka nini? Nililisikia swali kwa masikio yangu. Adriano hakukutafsiria.

Kuhusu ghala usiniandikie tena.

Mwanao,
Irakoze


Louisville, 3 Novemba 2024

Mwanangu Irakoze,

Habari za siku nyingi? Huko nasikia theluji iko njiani. Sisi tunaendelea, namshukuru Mungu. Uliponinunia na mimi nilinuna, na naona sote wawili ni mafundi wa kununa.

Adriano alipokuja kututembelea nilimuuliza kuhusu lile swali. Akakubali bila aibu kwamba hakulitafsiri, eti wakubwa wanapoongea mtoto haulizwi. Nilimfokea mpaka mama yako akafunga madirisha. Kisha nikamwambia washa gari, tunakwenda Columbus. Kama yule kocha hakurudi kwetu, sisi tutakwenda kwake.

Kocha alitupokea. Alisema alidhani siku ile tulimkataa kwa adabu. Nikamwambia sisi tukikataa utajua. Nilimuuliza kuhusu yule wa nyota tatu, nikiomba moyoni awe ameshindwa, lakini anacheza vizuri sana. Alinionyesha kwenye kompyuta. Basi nimekubali, hao watu wanajua kazi yao.

Ila na mimi nina jambo ninalolijua. Kule Nyarugusu kambini walikuja watu kutupanga sisi wakimbizi, nani anafaa kupelekwa nje na nani abaki. Sisi tulikuwa kwenye wa kubaki mpaka ukaota meno ya pili. Ukichukua kundi zima hawakukosea, wengi wa wale bado wako kule. Lakini mimi kila walipofungua ofisi nilikuwa mlangoni, walinichoka, na leo niko Okolona nalipa kodi. Kwa hiyo mtu asinielezee kundi.

Kocha anasema sheria haimruhusu kukufuata wewe, ila msimu ukiisha, ukijiandikisha kuhama, kwake kuna nafasi na masomo yatalipiwa. Adriano alishafungua mdomo. Nikamwambia anyamaze. Nikamjibu kocha mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu hiki cha ghala, kwamba mimi sina jibu, mwenye jibu yuko Buffalo.

Unataka nini?

Babako,
Sylveri


Buffalo, 10 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo sana. Natumaini mko salama wote, na Adriano pia, msalimie. Mimi nina jeraha dogo begani, halinizuii kitu.

Barua yako niliisoma chumbani nimefunga mlango. Nililia, Baba, nakwambia tu ujue.

Columbus sitakwenda. Najua ninachokikataa. Kule ni uhakika, hapa huenda Januari nikajikuta sina kitu na ukanikuta kwenye hilo ghala lako. Lakini hapa niliingia mwenyewe, hakuna aliyeniita, na wameshindwa kuniondoa. Nililala na maumivu, nikaamka, nikarudi. Jumamosi iliyopita waliniingiza kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumeshafungwa na nusu ya mashabiki wameondoka. Nilimwangusha mmoja chini mpaka kofia yake ikakaa upande. Kocha wa hapa hakunisifu, alisema tu nisichelewe Jumatatu. Nataka kuona mwisho wake. Nikishindwa, nishindwe mimi, si orodha wala kikao.

Mechi yetu ya mwisho nyumbani ni Jumamosi ya tarehe 23. Tangu nianze sekondari hujawahi kuniona nikicheza, kila Jumamosi ulikuwa kazini. Sikulaumu. Umeniuliza nataka nini. Nataka uje.

Mwanao,
Irakoze


Louisville, 17 Novemba 2024

Irakoze,

Amani ya Bwana. Mama yako amefurahi, anakanda maandazi ya kukuletea na bega lako ameliombea kanisani mbele ya watu wote, utanisamehe.

Jibu lako nimelipeleka Columbus kama lilivyo. Kocha amekutakia heri.

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Supavaiza amekataa, anasema mizigo ya sikukuu imeanza, na kwamba nikikosa siku hiyo nisijisumbue kurudi. Nikamwambia mwanzo nilikuwa naomba, sasa namuarifu. Sijui Jumatatu watanipokeaje, na leo sitaki kuliwaza hilo.

Tunaondoka Ijumaa asubuhi, mama yako na mimi. Huo mchezo wenu siuelewi vizuri, kwa hiyo nitakaa mahali ambapo nitaiona namba yako. Na kocha asipokuingiza, nitakutazama ukiwa umekaa.

Babako,
Sylveri