Mshale wa Motokaa ya Baba Yako

Njombe, Ijumaa, mwezi wa Juni 1954

Mwanangu mpenzi Nahumu,

Kamwene, mwanangu. U mzima? Kile kifua chako kimepona huko Kilosa kwenye joto? Unakula nini, na nguo anakufulia nani? Sisi tunamshukuru Mungu. Dada yako Ema hajambo, viazi vimetoka vizuri, ila baridi imeunguza maharage yote ya bondeni. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Anwani yako nimepewa na Filbert aliyerudi kutoka huko kwenu kwenye mashamba ya mkonge, na baba yako hajui kama ninayo. Naandika kabla hajarudi. Nikisikia gari barabarani naficha karatasi chini ya ungo, kwa hiyo mwandiko ukikimbia usinicheke.

Siku ile alipokuita mwizi nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Alijaza tangi jioni, asubuhi akakuta mshale wa petroli umelala chini kabisa, na wewe dereva wake ndiye uliyelala karibu na motokaa. Uliapa hukugusa. Yeye akasema mshale hauna ugomvi na mtu, kwa nini ukusingizie, bila shaka umewauzia petroli madereva wa malori. Ukachukua blanketi lako ukaondoka, hata uji hukunywa. Uji ule niliwamwagia kuku.

Baada ya hapo aliifunika motokaa turubai, hakuigusa mpaka viazi vilipotakiwa sokoni. Akaleta petroli debe zima, akaanza kumimina. Debe halijafika hata nusu, petroli ikafurika ikammwagikia viatuni! Akabaki amesimama na debe mkononi. Mimi nikachukua ufito wa mwanzi nikauchomeka tangini, ukatoka umelowa mpaka juu. Ndani mshale bado umelala chini.

Ngoja kidogo, kuna gari.

Ni lori tu, limepita. Basi akaitwa fundi Laurenti. Yule unamjua, mdomo hautulii. Akaufungua waya ulio kwenye tangi, akaugusisha kwenye chuma cha gari, mshale ukaruka. Akasema mshale ni mzima, ugonjwa uko tangini. Akatoa kile kijiti chenye boya la shaba linaloelea juu ya petroli, akalitikisa sikioni, akacheka. Boya lilikuwa na kitundu kidogo, petroli imeingia ndani pole pole usiku kucha, likazama, likauvuta mshale chini. Akamwambia baba yako, mzee, mwizi wako nimemkamata, huyu hapa, kashiba na wala hajatoka nyumbani. Ema akacheka. Baba yako hakucheka. Alilishika lile boya muda mrefu, petroli ikamchuruzikia mpaka ndani ya mkono wa shati.

Nikangoja usiku ule alitaje jina lako. Akasema mboga imezidi chumvi.

Laurenti alilikausha boya, akaliziba, na sasa mshale unasema kweli. Lakini baba yako ndiye hatulii, mwanangu. Anaanza kula anaacha, anakwenda mlangoni, anarudi. Na kila Ijumaa anawasha motokaa asubuhi, anasema anakwenda mjini mara moja, kisha anarudi jua linazama, hana alichonunua. Nilihangaika. Nikawaza mengine ambayo mama hamwandikii mwanawe.

Ndipo nikakumbuka ulivyonifundisha kuzungusha ule ufunguo mpaka mshale uamke. Ijumaa moja alipoingia kuoga nikaenda kutazama. Robo ya tangi imekwisha. Mwanangu, kwenda mjini na kurudi mshale hautikisiki hata kidogo. Robo ni Makambako, kwenda na kurudi.

Nikamuuliza Fidelia, anayeuza chai pale Makambako yanaposimama mabasi, alipokuja kanisani. Akashangaa kwamba sijui. Alisema mume wangu huegesha motokaa ikitazama barabara ya Iringa. Basi likifika anashuka, anasimama karibu na mlango, anawatazama watu mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Haulizi mtu. Kisha anamalizia chai yake iliyopoa na kuondoka. Fidelia alidhani anangoja mgeni.

Anakungoja wewe, Nahumu. Mdomo wake hautasema samahani, mimi nimekaa naye miaka mingi, namjua. Ukipewa ruhusa, panda basi la kufika Makambako siku ya Ijumaa. Usimdai maneno. Mwamkie, kisha fungua mlango wa dereva ukae mahali pako. Atasogea.

Njoo na sweta, baridi ya mwaka huu ni kali. Ema anakusalimu, bibi yako pia, na mwalimu wa kwaya anauliza nani ataimba besi. Mungu akulinde njiani na kazini.

Ni mimi mama yako,
Zipora

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Amerudi sasa hivi. Anasema alikuwa mjini. Nimezungusha ufunguo: robo imekwisha.