Akasia Yako, Buibui Wangu

Papa Furaha wangu,

Asubuhi hii ukungu ulishuka hadi kwenye maharagwe, nikakuona. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimeinama na jembe mkononi, nimevaa koti lako, na wewe unapita taratibu kati ya akasia zako za kule kwetu Nyabiondo, zile zenye majani laini kama manyoya ya kifaranga, maua ya manjano yakikudondokea mabegani.

Unakumbuka ubishi wetu? Wewe mtoto wa Masisi, mimi mtoto wa msitu wa Walikale, kila mtu anavutia kwake. Ulisema, "Muntu iko kama akasia. Unakata, unachoma, mbegu inaamuka tu." Nami nikabisha kwamba mtu hasa ni buibui wetu, yule mkubwa anayesuka uzi wa dhahabu kati ya miti: "Buibui njo muntu. Wanapasula nyumba yake, anakula nyuzi, anajenga tena." Ukacheka. "Buibui haina mizizi, Mama Furaha." Nikakujibu kwamba mizizi haikimbii.

Vita vilipofika ulikuwa tayari umelala chini ya akasia zako. Mimi na binti yetu Furaha tukakimbilia Sake, tukasuka upya. Mama Sifa, mwenyeji wa hapa, alituazima shamba hili, na sharti la shamba la kuazima unalijua: aliyeazima anapanda maharagwe, hapandi mti, maana mti ni alama ya mwenye udongo.

Basi juzi, pale tulipochoma magugu, nikakuta kichipukizi cha akasia. Nadhani mbegu ilitoka mfukoni mwa koti, ulizoea kuziokota. Nilifurahi hadi nikaogopa. Mara Mama Sifa akatokea, akakiona. Nikainama nikingʼoe, moyo unaniuma.

"Acha, dada," akasema. "Panda na ingine, ifanye mupaka. Hapa njo kwenu sasa."

Furaha alimkumbatia. Mimi nililia, na sikulia kwa shukrani peke yake. Siku zote nilijiambia kwamba hapa tunapita tu, kwamba msimu ujao tutarudi, na siku yangu ikifika nitazikwa kando yako. Mwenye mti hapiti.

Nina hamu nawe, mume wangu, hamu isiyozeeka. Lakini nimemwitikia Mama Sifa. Ukiona mwanamke anapanda njia ya Nyabiondo na mzigo kichwani, usidhani ni mimi. Mimi nimefika.

Lala salama huko kwetu.

Mke wako,
Mama Furaha